Kushika Bila Kung'ang'ania: Falsafa ya Yoga na Maisha ya Kila Siku

Utangulizi

Kuna nyakati ambapo mnyambuliko wa kitenzi kimoja hubeba falsafa nzima. Tuchukue kitenzi shika. Mtu anayeshika kikombe cha chai anakitumia. Anayekishikilia ameanza kushuku kuwa huenda akanyang'anywa. Anayeking'ang'ania hafaidi hata chai iliyomo, maana nguvu zake zote zimehamia vidoleni. Umbali uliopo baina ya kushika na kung'ang'ania ndio mada ya makala haya.

Makala haya yanakusudia kufafanua dhana ya kutong'ang'ania kama inavyoelezwa katika falsafa ya yoga ya Bara Hindi, kuilinganisha kwa ufupi na zuhudi inayojulikana katika fasihi ya Kiswahili, na kuonyesha jinsi mtu wa kawaida anavyoweza kuitekeleza. Aidha, tutajadili pingamizi mbili nzito ambazo msomaji wa Kenya ana haki ya kuzitoa.

Ni vyema msomaji afahamu mapema kwamba mwandishi hakuifikia mada hii kwa njia ya maktaba. Katika mwaka wangu wa pili wa masomo ya uzamili, niliibiwa kipakatalishi ndani ya matatu jioni moja nikirudi bwenini. Ndani yake mlikuwamo sura mbili za tasnifu ambazo sikuwa nimezihifadhi mahali pengine popote. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Mali yangu ilikuwa na daftari. Bahati mbaya daftari lenyewe ndilo lililoibwa. Kwa muda wa majuma matatu sikuandika hata sentensi moja. Ndipo jirani yangu bwenini, aliyekuwa akihudhuria mazoezi ya yoga kila Alhamisi, aliponiambia, "Dada, njoo tu ulale chini dakika kumi. Hakuna atakayekuuliza kitu." Nilikwenda. Mwishoni mwa mazoezi tulilazwa chali, macho yamefumbwa. Mkufunzi alipita kati yetu, akasimama karibu nami, akasema kwa sauti ya chini, "Fungua viganja." Sikuwa nimetambua kuwa nimekunja ngumi. Nilipozifungua, vidole viliuma. Swali nililotoka nalo ukumbini siku hiyo ndilo lililozaa makala haya: nilikuwa nimeshika nini, ilhali nilichotaka kukishika kilikuwa kimekwisha kwenda?

Yoga ni nini?

Watu wengi wakisikia neno yoga hufikiria mikao ya mwili: kuinama, kujipinda, kusimama kwa mguu mmoja. Picha hii si ya uongo, ila ni sehemu ndogo ya jambo kubwa. Matini ya msingi ya falsafa hii ni Yoga Sutra ya Patanjali, ambayo wataalamu wengi huikadiria kuwa ya karne za mwanzo za Baada ya Kristo. Ni mkusanyiko wa semi fupi zipatazo 195, zilizogawika katika milango minne. Kati ya semi hizo zote, zinazouzungumzia mkao moja kwa moja ni tatu tu, na jambo kuu linalosisitizwa ni kwamba mkao uwe thabiti na wa kustarehesha. Mambo mengine yote yanahusu akili, mwenendo na ukombozi wa nafsi.

Patanjali anaipanga njia ya yoga katika viungo vinane. Viungo viwili vya mwanzo ni vya maadili. Cha kwanza kina makatazo matano: kutodhuru, kutosema uongo, kutoiba, kujizuia katika matamanio ya mwili, na kutojilimbikizia. Hili la mwisho huitwa aparigraha. Cha pili kina mambo matano ya kuyazingatia, na miongoni mwayo ni kinaa, yaani kutosheka na ulicho nacho. Mkao ni kiungo cha tatu, pumzi ni cha nne. Vinavyofuata ni kuziondoa hisi katika vinavyozivuta, kuituliza akili mahali pamoja, kutafakari, na hatimaye utulivu kamili. Ni dhahiri basi kwamba mtu anayeanza kwa mkao pekee ameingilia nyumba dirishani. Si vibaya, mradi akishaingia akumbuke kuutafuta mlango.

Yoga ilianza kufahamika kwa upana nchi za Magharibi baada ya Swami Vivekananda kuzuru Chicago mwaka 1893. Katika karne ya 20 mikao ilitia fora kuliko maadili. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga, na mwaka 2016 UNESCO iliitambua yoga kuwa miongoni mwa turathi zisizoshikika za binadamu. Hata hivyo, kusambaa kwa jambo si sawa na kueleweka kwake.

Raga na rangi

Patanjali anasema kwamba misukosuko ya akili hutulizwa kwa vitu viwili vinavyokwenda sambamba: mazoezi ya kudumu na vairagya. Vairagya ndiyo dhana tuliyoiita kutong'ang'ania. Vyasa, mfafanuzi wa kale wa matini hii, anaifananisha akili na mto unaoweza kutiririkia pande mbili, upande wa heri na upande wa shari. Kazi ya vairagya ni kuuziba mkondo mmoja. Kazi ya mazoezi ni kuufungua ule mwingine. Anayeziba bila kufungua atapata dimbwi. Anayefungua bila kuziba maji yake yatagawika yasifike popote.

Etimolojia ya neno hili ina mvuto wa pekee kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Vairagya limejengwa juu ya neno raga, ambalo katika Kisanskriti linatokana na mzizi wenye maana ya kutia rangi. Raga ni ile hali ya moyo kukolea rangi ya kitu unachokitamani. Neno letu rangi, ambalo Kiajemi na Kihindi pia wanalo, ni la ukoo uo huo. Kwa hivyo tunapozungumza juu ya vairagya tunazungumza, kwa namna fulani, kwa neno la nyumbani: ni hali ya moyo kutokolea rangi ya vitu unavyovigusa.

Mfano wa rangi unatusaidia kuondoa kosa moja la kawaida. Kitambaa cheupe kikitumbukizwa ndani ya rangi hakikosi kuwa kitambaa, ila kila anayekitazama ataiona rangi kwanza. Vivyo hivyo, mtu aliyekolea cheo huonekana cheo kabla hajaonekana mtu, naye mwenyewe akijitazama huona cheo tu. Siku cheo kitakapoondoka, atadhani ameondoka yeye. Kutong'ang'ania hakumtaki mtu asiwe na cheo, nyumba, mpenzi au shahada. Kunamtaka ajue kwamba kitambaa ni kitu kimoja na rangi ni kitu kingine.

Isitoshe, Patanjali haitaji raga peke yake. Anaiweka katika orodha ya mateso matano ya nafsi: ujinga wa kutojua hali halisi ya mambo, umimi, raga, chuki, na kuung'ang'ania uhai. Mambo mawili katika orodha hii yanastahili kuangaliwa. Mosi, chuki imewekwa bega kwa bega na tamaa. Anayebadilisha njia kila siku ili asikutane na adui yake amefungwa naye kama vile mpenzi alivyofungwa na mpenziwe. Tofauti ni kamba tu. Pili, kuhusu kuung'ang'ania uhai, Patanjali anakiri kwamba hata wenye hekima hawakusalimika nako. Ungamo hili linafariji. Mwanafalsafa anayejua kwamba hata bingwa hujikwaa hawezi kumcheka anayejifunza kutembea.

Kutenda bila kudai tunda

Kama Yoga Sutra inaelekea kumfaa mtawa aliyejitenga, Bhagavad Gita inamfaa mtu aliye katikati ya shughuli. Matini hii yenye milango 18 na beti 700 ni sehemu ya utenzi mkubwa wa Mahabharata. Mandhari yake ni uwanja wa vita wa Kurukshetra. Arjuna, mpiganaji hodari, anawaona jamaa na walimu wake katika jeshi la upande wa pili, analegea, na kutaka kuacha kila kitu. Kwa mtazamo wa juujuu, huko ndiko kutong'ang'ania: kuitupa silaha na kwenda zake. Lakini Krishna, mwendesha gari lake la farasi, anamkatalia. Fundisho lake, kwa muhtasari, ni kwamba mtu ana haki juu ya kazi yake lakini hana haki ya kulidai tunda lake. Na kwamba kuacha kazi kwa kuliogopa tunda ni namna nyingine ya kung'ang'ania.

Mohandas Gandhi aliichukua Gita kuwa dira ya maisha yake. Tafsiri yake ya matini hiyo kwa Kigujarati, iliyochapishwa mwaka 1930, aliipa jina Anasaktiyoga, maana yake yoga ya kutong'ang'ania. Jina la Gandhi si geni kwetu. Sanamu yake na jengo lenye jina lake vimo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na wanafunzi hupita hapo kila siku wakikimbilia mihadhara. Kisa kimoja katika tawasifu yake kinaifafanua mada yetu kwa uzuri na kwa ubaya pia.

Mwaka 1901 Gandhi alipokuwa akijiandaa kuondoka Afrika Kusini kurudi Uhindi, jamii ya Wahindi wa Natal ilimwagia zawadi za dhahabu, fedha na almasi. Miongoni mwazo ulikuwamo mkufu wa dhahabu aliopewa mkewe, Kasturba. Usiku ule Gandhi hakupata usingizi. Aliona kwamba mtumishi wa umma anayepokea malipo ya aina hiyo hatakuwa tena mtumishi. Akaamua kuzirudisha zawadi zote ziwe amana ya jamii. Kwanza aliwashawishi watoto, kisha akamwendea mkewe. Kasturba alikataa. Aliuliza wakwe zake wa baadaye watavaa nini, na kama utumishi wake yeye, wa kumhudumia mumewe na wageni wake usiku na mchana, haukuwa utumishi pia. Alilia. Mwishowe Gandhi aliishikilia rai yake na zawadi zikarudishwa.

Kwa kawaida kisa hiki husimuliwa kama mfano wa aparigraha. Mwandishi wa makala haya anakiona kuwa mfano wa mambo mawili kwa pamoja. Kwa upande wa zawadi alizopewa yeye, Gandhi aliachilia. Kwa upande wa mkufu wa mkewe, aliyeachilia kwa kulazimishwa ni Kasturba, naye Gandhi aliing'ang'ania rai yake juu ya kuachilia. Hili ni funzo muhimu. Kutong'ang'ania ni zoezi la mtu na nafsi yake. Mara tu linapogeuzwa kuwa amri juu ya mwingine, linabadilika kuwa umiliki: sasa unaimiliki hata dhamiri ya mwenzako.

Zuhudi ya pwani yetu

Je, dhana hii ni ngeni katika fasihi ya Kiswahili? La hasha. Waislamu wa pwani wanalo neno zuhudi, yaani kuipa dunia kisogo, na neno kukinai, ambalo ndilo asili ya ile kinaa tuliyoitaja. Kazi inayosifika zaidi kwa maudhui haya ni Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mshairi wa Pate aliyeishi baina ya karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19. Mshairi anauhutubia moyo wake mwenyewe, anauonya kuhusu ulaghai wa dunia, na anatoa ushahidi wa majumba ya Pate: jinsi yalivyong'aa kwa taa na vyombo vya kaure, na jinsi yalivyogeuka magofu ya popo na ndege.

Sura mbili nilizoibiwa zilihusu utenzi huu. Katika rasimu ya kwanza nilidai kwamba mshairi anaidharau dunia. Nilikuwa nimeijenga hoja hiyo kwa kurasa nyingi na nilikuwa na fahari nayo. Nilipolazimika kuandika upya, bila maelezo yangu ya awali, ilinibidi niusome utenzi polepole kama mgeni. Nikaona nisiloliona mwanzoni. Mtu anayeidharau nyumba hahesabu taa zake. Mshairi anaielezea fahari ya Pate kwa uangalifu wa aliyeipenda, na huzuni yake ni ya aliyefiwa. Anauambia moyo wake uachilie kwa sababu moyo huo haujaachilia. Hoja yangu ya kwanza ilikuwa imekufa, nami nilikuwa nimeililia kama hai.

Sitaki msomaji adhani kwamba wizi ule ulikuwa neema. Rasimu mpya haikuwa bora kila mahali. Kuna mifano mizuri ambayo hadi leo sijaikumbuka. Ninachosema ni kwamba huwezi kuachilia usichokipenda. Kutopenda ni kitu kingine, na jina lake ni ubaridi.

Tofauti kati ya njia hizi mbili pia zisifichwe. Al-Inkishafi inamwachisha mtu dunia kwa kumkumbusha kaburi, adhabu na Akhera. Patanjali kwa upande wake anasema kwamba vairagya ni kutokuwa na kiu ya vitu vinavyoonekana wala vile vinavyosikika kwa kusimuliwa, na wafafanuzi huingiza hata starehe za mbinguni katika vile vinavyosikika. Hata hivyo, tukiwaendea Masufi tunakuta mawazo yanayokaribia hayo. Rabia wa Basra, aliyefariki mwaka 801, anakumbukwa kwa kufundisha kwamba Mungu aabudiwe kwa kupendwa, si kwa hofu ya moto wala kwa tamaa ya pepo.

Suala la dini halikwepeki. Wapo Wakristo na Waislamu nchini wanaoitilia yoga shaka, na si wao peke yao: mwaka 2008 baraza la kitaifa la fatwa la Malaysia liliwatahadharisha Waislamu dhidi ya yoga yenye ibada za Kihindu, ilhali Saudia iliiruhusu kama mchezo mwaka 2017. Makala haya hayana nia ya kumbadilishia mtu imani. Tukumbuke tu kwamba al-Biruni, mwanazuoni Mwislamu wa karne ya 11, aliitafsiri matini ya Patanjali kwa Kiarabu ili wenzake waielewe. Kuelewa si kusilimu, na kujifunza si kuritadi.

Kutoka mkekani hadi maishani

Sasa tuangalie utekelezaji. Mkeka wa yoga ni kama kiwanja cha mazoezi. Mechi yenyewe huchezwa nje. Tutataja nyanja nne.

Ya kwanza ni mwili. Mazoezi mengi ya yoga hufungwa kwa mkao wa maiti, unaotajwa katika Hatha Yoga Pradipika, matini ya karne ya 15. Mtu hulala chali, mikono imelegezwa kando, viganja vikielekea juu. Mkao huu unaonekana kuwa rahisi kuliko yote, kumbe ni mgumu, kwa sababu hauna la kufanya. Anayelala hugundua taya lililobana, mabega yaliyoinuliwa, ngumi zilizokunjwa. Mwili hutuonyesha kile ambacho akili imekishikilia bila kutuarifu. Pumzi nayo inafundisha jambo lilo hilo. Hakuna awezaye kuvuta pumzi mpya kabla hajaitoa ya zamani.

Ya pili ni vitu. Aparigraha haimdai mwanafunzi agawe godoro lake. Inamuuliza swali moja: hiki unakitumia au unakilinda? Fungua sanduku la nguo. Utakuta vazi ambalo hujalivaa miaka mitatu, na huwezi kulitoa kwa kuwa lilikuwa ghali. Hapo huhifadhi nguo tena, unahifadhi bei. Zoezi linalofaa ni kutoa kitu kimoja kila mwezi kumpa mtu anayekihitaji, bila kusubiri shukrani na bila kufuatilia anakitumiaje.

Ya tatu ni matokeo. Mtafuta kazi anayetuma barua za maombi na kuichungulia simu kila dakika tano amefanya kazi mbili: moja ya kuomba, ambayo ni yake, na moja ya kuamua, ambayo si yake. Gita inamtaka aifanye ile ya kwanza kwa ukamilifu na kuiachia ile ya pili wenyewe. Kwa vitendo, mtu anaweza kujiwekea saa maalumu ya kuangalia majibu, kisha akarejea katika shughuli nyingine. Mwanafunzi vilevile: usiku wa kabla ya mtihani ni wa kusoma, usiku wa baada ya mtihani ni wa kulala. Wengi wetu hubadilisha, tukalala ule wa kwanza na kukesha ule wa pili.

Ya nne, na iliyo ngumu zaidi, ni watu na rai. Mzazi anayempigia mwanawe aliyeoa simu mara tano kwa siku anampenda, lakini upendo wake umeota kucha. Rafiki anayekuhesabia kila fadhila ameziandika kama deni. Kadhalika, katika mijadala yetu ya chama, ni mara ngapi tumeitetea hoja si kwa kuwa ni kweli bali kwa kuwa ni yetu? Jaribu hili katika mjadala ujao: kabla ya kujibu, eleza hoja ya mpinzani wako kwa namna ambayo yeye mwenyewe ataikubali. Anayeweza hivyo amefungua kiganja.

Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni kwamba falsafa hii ni kifuta machozi cha walioshindwa. Hadithi ya sungura aliyezirukia ndizi asizifikie, akaondoka akisema sizitaki mbichi hizi, inajulikana na kila mtoto wa shule. Je, vairagya si sizitaki mbichi hizi kwa Kisanskriti? Jibu ni kwamba sungura hakuachilia, alidanganya. Ndizi zilikuwa mbivu, naye alijua. Kutong'ang'ania kunaanza kwa kusema kweli: ndizi ni mbivu, nilizitaka, sikuzipata, na bado mimi ni mimi. Ni kauli ngumu zaidi kuliko ya sungura. Wala haikatazi kuruka tena kesho, au kutafuta ngazi. Mimi mwenyewe niliandikisha habari za wizi katika kituo cha polisi, na tangu siku hiyo huhifadhi kazi zangu mahali patatu. Kufunga mlango si kung'ang'ania. Kukesha mlangoni ndiko.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Katika nchi ambamo wachache wana vingi na wengi hawana, kuhubiri kuachilia si kuwaambia maskini waridhike na dhiki yao? Asiye na kitu aachilie nini? Pingamizi hili ni la haki, na falsafa yoyote inayotumiwa kuwanyamazisha wanyonge inastahili kukataliwa. Hata hivyo, tuisome aparigraha inavyosema. Ni katazo la kujilimbikizia, na halimwanzi asiye na kitu. Linamwanza mwenye kulimbikiza. Ripoti ya tume iliyoongozwa na Paul Ndung'u, ya mwaka 2004, ilieleza jinsi ardhi ya umma nchini Kenya ilivyogawiwa watu kinyume cha sheria. Hiyo ndiyo parigraha, yaani unyakuzi, katika umbo lake halisi. Kuudai uwanja wa shule urudishwe hakupingani na vairagya. Arjuna aliambiwa apigane.

Lakini pia si kweli kwamba maskini hana la kufundisha juu ya kuachilia. Kipakatalishi kilichoibwa kilinunuliwa kwa fedha za mtamba aliouuza mama. Kwa miezi miwili sikuthubutu kumwambia. Nilipokwenda nyumbani hatimaye nikamweleza, aliendelea kupeta maharagwe kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, mtamba alikuwa wangu, nikakupa. Nikikupa nimekupa. Wewe rudi ukaandike." Mama hajawahi kulala kwenye mkeka wa yoga wala kulisikia jina la Patanjali. Wala hakuwa ameacha kujali: kila Jumapili hupiga simu kuuliza nimefika ukurasa wa ngapi. Alikuwa ametoa kitu kikubwa kuliko vyote alivyokuwa navyo, na alipokitoa hakubakisha kamba ya kukivutia.

Hitimisho

Katika makala haya tumeona kwamba yoga ni zaidi ya mikao. Kwamba kutong'ang'ania, kwa mujibu wa Patanjali na Gita, ni uhuru wa moyo usiokolea rangi ya vitu wala kuyadai matunda ya kazi. Na kwamba fasihi yetu ya pwani ilikwisha kuligusa jambo hili kwa njia yake. Tumeona pia mipaka yake: halilazimishwi kwa mwingine, halifunikwi kwa uongo, na halitumiwi kuhalalisha dhuluma.

Tasnifu yangu haijakamilika wakati ninapoandika maneno haya. Siwezi kudai kwamba nimeacha kuiwazia siku ya mahafali, na kuna usiku ambapo huamka nikakuta ngumi zimekunjwa tena. Huzifungua, nikalala. Patanjali anasema kwamba mazoezi huwa imara yanapofanywa kwa muda mrefu, bila kukatizwa, na kwa moyo wote. Wahenga wetu walilisema kwa ufupi zaidi: haba na haba hujaza kibaba. Katika zoezi hili, haba na haba ndiyo inayokipunguza.